Kupeleleza bila kusikiliza: Rekodi za simu na hukumu ya tajassus

WAPO wanaosema kwamba serikali ikichukua orodha ya namba ulizopiga bila kusikiliza ulichozungumza, haijakupeleleza. Hoja hii imetolewa na viongozi, mawakili na baadhi ya majaji wa Marekani. Siku hizi utaisikia hata barazani kwetu baada ya swala ya Alasiri, tena kutoka kwa Waislamu wenye elimu zao. Huja pamoja na nduguye: kama huna baya unalofanya, unaogopa nini?

Katika makala hii tunaiangalia hoja ya kwanza, kwa sababu juu yake ulijengwa mfumo mzima. Tangu Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, hadi Novemba 2015, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu wasiotuhumiwa kwa lolote. Miaka ya mwanzo lilifanya hivyo kwa amri ya Rais peke yake. Kuanzia Mei 2006 lilifanya kwa hati za mahakama ya siri, likitegemea kifungu cha 215 cha sheria iliyopitishwa mwaka 2001 kwa jina la uzalendo.

Rekodi ya simu ni nini? Ni namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, na muda wa mazungumzo. Ndani yake kuna pia alama inayotambulisha laini na alama ya chombo chenyewe. Maneno hayamo, wala jina la mwenye namba halimo. Kwa mtu wa haraka, hayo ni makapi tu.

Sasa hebu tuchukue mfano. Mwanamke anampigia kadhi mara tatu katika wiki moja. Usiku ule ule wa mara ya tatu anampigia kaka yake aliye mbali, wanazungumza saa nzima. Kesho yake asubuhi anapiga ofisi ya wakili. Je, kuna haja ya kusikia neno hata moja? Au kijana anapiga kituo cha ushauri nasaha na kupima UKIMWI, dakika 20, kisha anampigia mchumba wake, dakika mbili, na baada ya hapo namba ya mchumba haionekani tena katika orodha. Mazungumzo mtu anaweza kuyaficha kwa mafumbo, akasema "lile jambo letu" na mwenzake akaelewa. Orodha ya namba haina fumbo. Inasema nani anamjua nani, nani amemkimbia nani, na nani aliamka saa tisa za usiku kumtafuta nani.

Hoja ya makapi ina tatizo jingine. Wachambuzi wa NSA walipokuwa na namba wanayoitilia shaka, waliruhusiwa kwenda hatua tatu: waliowasiliana na namba hiyo, waliowasiliana na hao, na waliowasiliana na hao wa pili. Tufanye hesabu ya darasani. Kama kila mtu ana watu 40 anaowasiliana nao, hatua ya kwanza ni watu 40, ya pili 1,600, ya tatu 64,000. Hiyo ni kwa namba moja, na mwaka 2012 namba zilizoanziwa zilikaribia 300. Tena fikirini ikiwa mmoja katika njia hiyo ni imamu wa msikiti mkubwa, anayepigiwa na jamaa wote kuulizia ndoa, maziko na mirathi. Kwa hatua moja tu, jamaa nzima ya msikiti imeingia kwenye daftari. Januari 2014 Rais Obama alipunguza hatua hizo zikawa mbili.

Siri juu ya siri

Juni 5, 2013 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha hati ya mahakama iliyotolewa na Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba katika NSA. Hati ilikuwa ya Aprili 25 mwaka huo. Iliiamuru kampuni moja ya Verizon kukabidhi kila siku, hadi Julai 19, rekodi za simu zote, zikiwemo zile za ndani ya Marekani, kutoka mtaa hadi mtaa. Hati hiyo hiyo iliikataza kampuni kumwambia mtu kwamba hati ipo.

Mahakama iliyoitoa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1978. Nia ilikuwa njema. Uchunguzi wa Seneti wa mwaka 1975 ulikuwa umefichua jinsi vyombo vya usalama vilivyowapeleleza raia, akiwemo Martin Luther King, ambaye simu zake zilinaswa na FBI. Ikaonekana ni heri serikali iombe kibali kwa jaji. Lakini katika mahakama hiyo majaji 11 wanapokezana kusikiliza upande mmoja tu, upande wa serikali. Anayepelelezwa hayupo, wakili wake hayupo, na hukumu kwa kawaida haitangazwi. Sisi tunaofundisha fiqhi tunamfundisha mwanafunzi kwamba kadhi hamhukumu mtu kabla ya kumsikia wa pili. Hapa wa pili hajui hata kama kuna kesi.

Machi 12, 2013, miezi mitatu kabla siri haijatoka, Seneta Ron Wyden alimuuliza hadharani mkuu wa idara zote za ujasusi, James Clapper, iwapo NSA inakusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani. Clapper alijibu kuwa hapana, si kwa kukusudia. Wyden alilijua jibu sahihi, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya ujasusi, na swali alikuwa amelipeleka siku moja kabla ili mtu ajiandae. Lakini kiapo cha siri kilimziba mdomo. Basi taifa zima lilisikia uongo, na aliyejua kuwa ni uongo hakuruhusiwa kusema. Clapper alikuja kuomba radhi kwa barua Juni 2013, baada ya gazeti kumtangulia.

Jambo lililokuwa zito zaidi ni lile lililotokea Februari 26 mwaka huo huo. Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa kesi ya mawakili, waandishi na watetezi wa haki za binadamu waliopinga sheria nyingine, ile inayoruhusu kunasa mawasiliano na watu walio nje ya nchi. Majaji watano dhidi ya wanne walisema walalamikaji hawakuthibitisha kwamba wao wenyewe wamepelelezwa. Watathibitishaje, ilhali orodha ya wanaopelelezwa ni siri? Yaani aliyeibiwa anaambiwa alete kielelezo, na kielelezo kimo katika sanduku la aliyeiba.

Je, ni tajassus?

Tukirejea katika Qur'an, Surat al-Hujurat aya ya 12, Allah (s.w.) anakataza mambo matatu kwa mpangilio maalumu: dhana nyingi, kupelelezana, kisha kusengenyana. Mpangilio huo una hekima. Dhana ndiyo inayomtuma mtu kupeleleza, na akishapata cha kusema, hawezi kukaa nacho. Neno la katikati ni tajassus, kutafuta yale ambayo mwenyewe ameyasitiri.

Sasa mtu wa barazani atasema: aya inazungumzia siri, na namba za simu si siri, kwani kampuni inazo. Hoja hii ndiyo iliyokuwa nguzo ya serikali ya Marekani. Chimbuko lake ni kesi ya mwaka 1979, Smith dhidi ya Maryland. Mwanamke aliporwa, kisha mporaji akawa anampigia simu kumsumbua. Polisi wakamshuku mtu mmoja, wakaiomba kampuni ya simu iandike namba anazopiga, bila ya hati ya jaji. Mahakama Kuu ilisema mtu anapobonyeza namba anaikabidhi kampuni kwa hiari yake, hivyo hana cha kulalamikia kampuni ikiipa serikali.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, hakuiona simu. Lakini katika Ihya Ulumid-Din, mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, ameweka mipaka kwa muhtasib, yaani mtu anayeitekeleza kazi hiyo. Anasema haifai asikilizilie nyumba ya mtu ili apate sauti ya ala za muziki, wala anuse ili apate harufu ya pombe. Kisha anaongeza mawili ambayo, kwa maoni yangu, yanatosha kumjibu jaji wa 1979. La kwanza, haifai apapase nguo ya mtu ili ajue umbo la kilichofichwa chini yake. La pili, haifai awaulize majirani wamweleze yanayotendeka nyumbani kwa mtu.

Ndugu msomaji, tuyatafakari haya mawili. Anayepapasa nguo hakukiona kitu chenyewe. Amepata umbo tu, urefu na upana. Rekodi ya simu ni umbo la mazungumzo. Na jirani ni nani leo? Ni yule anayejua saa unayotoka na saa unayorudi, si kwa kuwa umemwambia, bali kwa kuwa huwezi kuishi pale bila yeye kuona. Kampuni ya simu ndiyo jirani huyo. Al-Ghazali hakusema kwamba kwa kuwa jirani anajua, basi mambo yako yamekuwa ya kila mtu. Alisema muhtasib asimuulize. Kujua kwa jirani ni amana, na katika Surat an-Nisaa aya ya 58 tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Aidha iko hadithi katika Bukhari na Muslim ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi akijikuna kichwa. Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba lau angejua anachungulia angemchoma jichoni, na kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuchukua kitu wala hakusikia neno. Kosa lilikuwa lile jicho.

Wanazuoni pia wamenukuu kisa cha Umar bin al-Khattab (r.a.), ambacho al-Ghazali naye anakitaja, cha kupanda ukuta wa nyumba na kumkuta mwenyewe katika maasi. Yule mtu alimjibu Amirul-Muuminina kwamba ikiwa yeye amekosa moja, Umar amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakutoa salamu wala kuomba ruhusa. Umar akamwacha. Kisa hiki husimuliwa sana misikitini kuonyesha uadilifu wa Umar, na ni haki. Lakini tuangalie kilichomwezesha yule mtu kujitetea: Umar alikuwa mbele yake. Alimwona mpelelezi wake, akamjua, akamhesabia makosa yake kwa vidole. Lau Umar angekuwa na karatasi ya mahakama inayokataza mtu yeyote kumwambia mwenye nyumba, kisa kingeishia ukutani.

Hoja ya usalama

Mwenye kusoma hadi hapa anaweza kudhani kwamba Uislamu unamfunga mikono mlinzi wa raia. Sivyo. Al-Mawardi, katika al-Ahkam as-Sultaniyya, baada ya kumkataza muhtasib kupeleleza yaliyositirika, anatoa hali inayotofautiana: mtu mwaminifu anapoleta habari kwamba fulani amemchukua fulani faragha ili amuue, na ukisubiri, roho itapotea na haitarudi. Hapo kupeleleza kunaruhusiwa. Angalia masharti yake: kuna mleta habari anayeaminika, kuna mtu maalumu, kuna madhara makubwa yasiyorekebishika. Polisi wa Maryland walikaribia masharti hayo, kwani walimshuku mtu mmoja kwa kosa moja. NSA walichukua kesi ya mtu mmoja na kuifanya ruhusa juu ya taifa zima.

Na je, usalama ulipatikana? Juni 2013 wakuu wa NSA walisema mipango yao ya upelelezi imesaidia kuzuia njama zaidi ya 50. Maseneta walipobana maswali, zilizohusu rekodi za simu za ndani zikabaki moja au mbili. Januari 2014 bodi huru ya serikali yenyewe, inayosimamia faragha na uhuru wa raia, ilitoa ripoti baada ya kupekua hadi faili za siri. Haikuona hata mara moja ambapo mpango huo ulileta tofauti ya dhahiri katika uchunguzi wa ugaidi, na wengi wa wajumbe wake walisema hauna msingi katika kifungu cha 215. Mei 7, 2015 Mahakama ya Rufaa ya New York ikasema vivyo hivyo. Juni mwaka huo Bunge la Congress likapitisha sheria mpya ya kuziacha rekodi mikononi mwa kampuni, serikali iombe kwa namba maalumu. Hata hapo, mwaka 2017 walengwa 40 waliingiza rekodi zaidi ya milioni 534. Mwaka 2018 NSA ilitangaza kufuta zote ilizozikusanya kwa sheria hiyo mpya, kwa kuwa ilipokea zile isizostahiki kupokea. Mwaka 2019 ikasimamisha kabisa, na Machi 2020 kifungu cha 215 kikaisha muda wake.

Dereva wa San Diego

Ile njama moja iliyobaki ilikuwa ya nani? Ya Waislamu, tena majirani zetu. Ni Wasomali wanne wa Marekani, wengi wao wakaazi wa San Diego, wa kwanza dereva wa teksi na wa pili imamu wa msikiti. Walituhumiwa kulipelekea kundi la al-Shabaab la Somalia fedha zilizotajwa kuwa takriban dola 8,500. Wao walisema wamepeleka fedha nyumbani kwa misaada, kama Wasomali wote wa ughaibuni wafanyavyo. Februari 2013 baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani. Dereva alihukumiwa miaka 18, imamu 13, mwingine 10, na wa nne sita.

Hapa hatusemi kwamba walikuwa safi. Hilo lilikuwa la mahakama, na mahakama ilisikiliza mengi, kwani simu za dereva takriban 1,800 zilinaswa. Tunauliza jinsi mlango ulivyofunguliwa. FBI ilikuwa imemchunguza dereva huyo mwaka 2003 na kulifunga faili kwa kukosa ushahidi. Faili lilifunguliwa tena baada ya NSA kuikuta namba yake katika mlolongo wa namba ya Somalia. Kesi ilipokuwa ikisikilizwa, washitakiwa hawakuambiwa hayo. Walijua baada ya kutiwa hatiani, pale ofisa wa FBI alipokwenda Congress mwaka 2013 kuitetea NSA na kuitaja kesi yao kama mfano wa mafanikio. Wakaomba kesi isikilizwe upya, wakakataliwa.

Rufaa yao iliamuliwa Septemba 2, 2020. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Mkoa wa Tisa walisema ukusanyaji ule ulivunja sheria, na huenda ulivunja na katiba. Walisema pia kwamba mshitakiwa anastahiki kujulishwa pale upande wa mashitaka unapotaka kutumia kilichotokana na upelelezi wa aina hiyo. Kisha wakasema wamelisoma faili la siri, na picha waliyoitoa maofisa hadharani, kwamba rekodi za simu ndizo zilizowanasa watu hawa, hailingani na yaliyomo ndani ya faili. Kwa hiyo hatia ikabaki palepale.

Hebu turudie taratibu. Mbele ya wabunge, rekodi zilikuwa ufunguo wa kesi, kwa hiyo mpango uachwe. Mbele ya majaji, rekodi hazikuwa ufunguo, kwa hiyo kifungo kiachwe. Washitakiwa hawakuruhusiwa kulisoma faili ambalo lingeonyesha kauli ipi ni ya kweli.

Na huku kwetu

Dereva yule angalau alikuwa na katiba ya kuitaja mahakamani. Mei 2014 chombo cha habari cha The Intercept, kikitumia nyaraka za Snowden, kiliandika kwamba NSA, kwa mpango ulioitwa MYSTIC, ilikusanya pia rekodi za simu za nchi nzima, na Kenya ikatajwa miongoni mwa nchi hizo. Mwanamke wa Mombasa anayempigia kadhi hana jaji wa Marekani wa kumlalamikia, kwa kuwa katiba ile haimhesabu. Hana pia seneta wa kumuulizia.

Kwa upande wa Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, kwa hiyo namba ya simu hapa si namba tu, ni mtu na kidole chake. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ni jambo la kushukuru. Sheria hiyo inampa mwananchi pa kushika akitaka kuuliza, na wa kwanza kuulizwa wanapaswa kuwa wabunge tuliowachagua.

Cha kuuliza kipo. Juni 2014, mwaka mmoja baada ya Snowden, kampuni ya Vodafone ya Uingereza, mzazi wa Vodacom, ilitoa ripoti ya nchi 29 inazofanya kazi, ikieleza pale sheria inaporuhusu ni mara ngapi vyombo vya dola viliomba rekodi za wateja. Kwa Tanzania, katika mwaka mmoja, kwa kampuni moja, maombi yalikuwa 98,765. Ripoti haisemi nani aliomba, kwa tuhuma gani, kwa kibali cha nani, wala kama yuko mmoja katika hao wateja aliyekuja kuambiwa.